Mukwe na Kitabu cha Nyimbo Zote

Théophile alijua nyimbo tatu. Tatu tu, na usiniulize alizijua vizuri kiasi gani. Wa kwanza ulikuwa wa baa, wa mwanaume anayelia sababu mupenzi wake amepanda gari ya tajiri. Wa pili ulikuwa wa Noeli, mapadri walimufundisha kule Moba angali mutoto. Wa tatu ulikuwa wa kusifu Chama, maana miaka ile ya Zaire kila mahali pa kazi palikuwa na kikundi cha kuimba na kucheza kwa ajili ya Chama, na pale bandarini, alipokuwa anaandika mizigo inayoshuka kwenye meli, yeye njo alikuwa mupiga gitaa wa kikundi. Sasa chagua wewe mwenyewe: kati ya hizo tatu, ungepiga upi kwenye kilio cha mama mukwe wako?

Yeye alipiga wa baa.

Tusimuonee. Kichwa hakikuchagua, vidole njo vilichagua. Mama Emilie, mama wa muke wake, alikuwa amefariki, na watu walikuwa wamejaa chini ya hangari, kivuli kinachojengwa kwa ajili ya kilio, kwa baba mukwe wake Papa Néhémie, ng'ambo ya daraja la muto Lukuga. Papa Néhémie alikuwa Mubembe wa kutoka Baraka, muvuvi, muntu wa kanisa, sauti ndogo na macho makubwa. Ilikuwa muchana, waimbaji wa kanisa walikuwa wamechoka na wanakunywa chai. Muntu mumoja akasema, "Mukwe, si uko na gitaa? Utusaidie kidogo." Na Théophile, ambaye kwa kupenda kuombwa hakuna wa kumushinda Kalemie nzima, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akashika gitaa, na kichwa kikawa kitupu kabisa. Vidole vikaenda kule vilikozoea kwenda. Kabla hajajua anapiga nini, vijana wa mutaa walikuwa wanatikisa mabega, na mama mumoja munene akasahau musiba akapiga makofi mawili.

Papa Néhémie akasimama. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema tu, "Mukwe, aksanti. Weka chini." Na walipotoka makaburini akamuita pembeni. "Iko siku ya kuondoa kilio," akasema. "Siku ile utakuja, na tutaona kama unajua kulia na watu. Tukishaona, njo tutazungumza juu ya Monique."

Monique, muke wake wa kanisa na wa mahari iliyokwisha, akabaki kwa baba yake. Alisimama mulangoni na kitambaa cheusi kichwani, akamutazama mume wake akiondoka na gitaa mugongoni. Théophile alivuka daraja peke yake, na nyumba aliyoifungua ilikuwa na sufuria zimepangwa vile vile muke wake alivyoziacha. Hakuweza kukaa ndani. Akatoka tena.

"Kulia na watu." Alilizungusha neno lile kichwani mpaka likalainika, na mwisho akaona kwamba Papa Néhémie anataka nyimbo. Nyimbo za kilio, nyimbo za faraja, nyimbo za watu wa sala. Na sababu hakutaka kuaibika tena maisha yake yote, kwa harusi, kwa ubatizo, kwa kilio, kwa kitu chochote, alitaka nyimbo zote mara moja. Lazima kuna kitabu, alijiambia. Kimoja tu. Kilichoandikwa kwa ajili ya watu kama mimi, wapiga gitaa wa kukaa nyumbani, si mafundi na si wajinga: maneno chini, akordi za kushika kwa vidole juu, na wimbo kwa kila jambo linaloweza kumupata muntu. Akikipata kile, atavuka daraja kichwa juu. Bila kile, avuke kufanya nini?

Umeona mahali alipopotea? Ni hapo hapo. Lakini mwanaume akishaingiwa na jambo kichwani, umuzuie na nini?

Alianza na duka la vitabu la misioni. Frère Adalbert, mutawa mwembamba, mupole, akamutolea kitabu cha nyimbo za kanisa kizito kama tofali. Théophile alikifungua haraka. Maneno, maneno, maneno.

"Akordi ziko wapi, Frère?"

"Akordi?" Frère akashangaa. "Ile tunajua kwa kichwa."

Théophile akatoka bila kufunga mulango. Akaenda kwa Ignace, mwalimu wa kwaya ya Waprotestanti, akaomba kuona cha kwao. Kile kilikuwa na do, re, mi zimejaa kama mchwa, lakini zilikuwa za sauti nne za kuimba, hakuna hata mustari mumoja wa gitaa, na Ignace alikishika kwa mikono miwili muda wote kama muntu anayeonyesha mutoto muchanga kwa mugeni asiyemuamini. Kutoka pale mpaka sokoni. Sokoni kulikuwa na magazeti ya nyimbo kutoka Kinshasa, kwa Lingala, nusu ya kurasa muuza karanga alikuwa amekwisha kuzifungia karanga zake. Na zilizobaki zote zilikuwa mapenzi, mapenzi, gari, mapenzi. Hiyo alikuwa nayo tayari, na ilikuwa imemukosesha muke.

Rafiki yake Pascal, aliyefanya kazi kwenye treni, akamuambia, "Ngoja, kule Manono kuna nyumba za wazungu wa zamani wa migodi. Wale walikuwa na vitabu vya kila kitu." Kungoja! Kumuambia Théophile angoje ni kumuambia kuku anyamaze akishataga. Kila treni ya Kabalo, njia ya kutoka Manono, iliposikika, alikuwa amekwisha kufika stesheni. Treni za wakati ule, unazijua, zilikuwa zinakuja siku zinazotaka zenyewe. Mwisho Pascal akashuka na kitabu kimefungwa kwa gazeti, na ndani, Mungu wangu, akordi! Do, sol, la, zimepangwa juu ya maneno sawasawa kama alivyoota. Théophile akakimbia nacho nyumbani. Akasoma kwa Kifaransa chake cha shule wimbo wa kwanza: theluji mulimani. Wa pili: muchungaji amekaa kwenye theluji. Wa tatu: vijana wanaota moto, na nje kuna nini? Theluji. Nani katika Kalemie amewahi kulilia theluji? Akakitupa kitandani akatoka, akarudi, akakiokota akatafuta tena kama kuna wimbo hata mumoja wa samaki, akatoka tena.

Kazini alianza kuharibu. Aliandika simenti mahali pa chumvi. Mukubwa wake akamuita. Kwa biro ya bandari jina lake lilikuwa Citoyen Kisabi, Mwananchi Kisabi, maana majina ya ubatizo serikali ilikuwa imeyakataza, na watu waliyaweka nyumbani pamoja na nguo za Paska. "Citoyen Kisabi," mukubwa akasema, "uko hapa ao uko wapi?" Mwili ulikuwa hapa, na miguu ilikuwa inataka kwenda, lakini ukiiuliza kwenda wapi, haijui.

Ao inajua. Maana kila jioni, kazi ikiisha, ilimupeleka kwenye daraja la Lukuga. Pale anasimama. Ng'ambo anaona moshi wa mutaa wa wavuvi, anaona bati la kanisa lao, na akinyosha shingo anaona kona ya uzio wa Papa Néhémie. Anatazama maji. Anapiga vidole kwenye chuma cha daraja. Anasema moyoni, "Nitakwenda, nikiwa na kitabu." Halafu anageuka. Vuka basi, weye! Daraja lile lilipitwa na wanawake wenye mizigo ya mihogo kichwani, lilipitwa na vipofu na mbuzi, na yeye mwenye miguu miwili mizima alikuwa analitazama tu. Lakini haya ni mambo magumu, haya. Muntu anaweza kuvuka ziwa zima na ashindwe kuvuka aibu yake.

Mama Célestine njo alimukuta pale siku moja. Mama yule alifanya biashara ya kuvuka: anapeleka ndagala kavu, visamaki vile vya ziwa, Kigoma, anarudi na sabuni na vitenge, na ndagala zake alizinunua kwa watu wa ng'ambo ya daraja, kwa Papa Néhémie na wenzake. Mudomo wake haukuwa na pazia.

"Wee Théophile, uko unafanya nini hapa? Unahesabu maji?"

"Napunga upepo, Mama."

"Upepo! Nimetoka kule sasa hivi. Muke wako amekonda. Anaanika ndagala tangu asubuhi, hazungumzi na muntu. Nenda umuone."

"Nitaenda, Mama. Lakini si mikono mitupu. Mama, kule Kigoma hakuna vitabu vya nyimbo za gitaa? Kitabu cha kila kitu, cha kilio, cha harusi..."

Mama Célestine akamutazama kutoka juu mpaka chini, kama anavyotazama muzigo wa ndagala ambao una muchanga ndani. "Nimekuambia muke wako amekonda," akasema, "unaniambia kitabu?"

"Papa yake njo anataka, Mama. Nikienda bila nyimbo, nitakuwa nimeenda kufanya nini?"

"Aa! Wanaume." Akajitwisha beseni lake. "Bon. Nitakitafuta. Lakini usiseme sikukuambia."

Na alikileta. Siku chache kabla ya kuondoa kilio, Mama Célestine alishuka kwenye mashua ya Kigoma na kitabu cha jalada la kijani katikati ya vipande vya sabuni, kikanuka sabuni mpaka mwisho wa maisha yake. Kilikuwa ni chenyewe. Nyimbo za harusi, za ubatizo, za kuaga mwaka, za mupira, za watoto wasiotaka kulala, na katikati, sehemu nzima ya misiba na faraja. Na zote kwa Kiswahili! Nyingi zilikuwa zile zile zinazoimbwa pande zote mbili za ziwa, maana nyimbo za kanisa hazihitaji paspoti. Théophile alitaka kumukumbatia Mama Célestine pale pale bandarini. Mama akamusukuma. "Enda kwa muke wako, usinichafulie nguo."

Hakwenda kwa muke wake. Alikwenda nyumbani kujifunza.

Sasa sikia balaa. Sisi upande huu akordi tunaziita do, re, mi, kama mapadri na mafrère walivyotufundisha. Wale wa ng'ambo ya ziwa, Tanzania, waliwafuata Waingereza, wao wanaziandika kwa herufi: A, B, C, mpaka G. Théophile akafungua kitabu, akaona herufi, akakwama. Akafikiri. Akasimama, akazunguka meza, akakaa tena. Halafu akapiga paja lake: rahisi! A ni herufi ya kwanza, do ni ya kwanza. Basi A njo do. B ni re. C ni mi. Wajanja hawa!

Si kweli, bwana wee. A ya wale njo la ya sisi. Lakini shetani wa muziki ana hila zake: wimbo wa kwanza aliojaribu ulikuwa umeandikwa A, D na E. Kwa hesabu yake ikawa do, fa na sol, na ukimuuliza muntu yeyote anayeshika gitaa, do, fa na sol zinakwenda pamoja kama bugali na samaki. Wimbo ukatoka muzuri, mutulivu, kila kitu mahali pake. Théophile akalia machozi ya furaha peke yake kwenye chumba. Nani sasa angemuambia amekosea?

Akaenda kwa wimbo wa pili. Ule ulikuwa wa G, C na D. Kwa hesabu yake ikawa akordi za si, mi na fa. Ile akordi ya si inaumiza, maana kidole kimoja lazima kilale juu ya nyuzi zote, lakini alikaza. Akordi ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu ikaanguka shimoni. Akarudia. Shimoni. Kuuliza si ujinga, wanasema, na Ignace alikuwa hatua chache tu kutoka pale, lakini Théophile aliogopa Ignace atacheka. Basi akajipatia jibu mwenyewe: kila watu na ladha yao. Sisi tunakula bugali ya muhogo, wao wanakula ya mahindi. Kama watu wa ng'ambo wanapenda wimbo uanguke pale, nani mimi niuinue? Akakunja sauti yake ifuate gitaa, akajifundisha kuanguka pamoja nayo. Akarudia mara nyingi sana, hata sikio likazoea. Sikio la muntu ni mutumwa, ukilipiga linanyamaza.

Jumamosi ile ya kuondoa kilio, salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mutaa, ilipokwisha na watu wakaweka chini majembe ya serikali, Théophile alivaa abacost yake ya bluu, koti la miaka ile lisilo na tai, akamufunga kamba mbuzi wa zawadi ya wakwe, akaweka gitaa mugongoni na kitabu kwapani, akavuka daraja. Alivuka mbio mbio. Mbuzi hakupenda mwendo ule na walivutana mpaka ng'ambo.

Asubuhi wenyeji walikuwa wamekwenda ziwani kuoga na kuvua nguo za musiba. Sasa wamekaa chini ya hangari, vichwa vimenyolewa, nguo safi. Chai inapita, samaki mikebuka wanachomwa nyuma ya nyumba. Monique alikuwa amekaa na wanawake kwenye mukeka, kitambaa cheusi hakipo tena. Mama Célestine hakusema uongo: alikuwa amekonda. Théophile alimuona, na badala ya kwenda kumusalimia akatafuta kiti na mahali pa kuegesha kitabu. Mbuzi akafungwa kwenye nguzo karibu yake. Papa Néhémie alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya magoti. Pembeni yake alikuwa muntu mufupi mwenye maneno mengi, Papa Cyrille, mudogo wake, aliyekuja kutoka Baraka kwa ajili ya siku hiyo.

"Mukwe," Papa Néhémie akasema, "tunakusikiliza."

Akapiga ule wa kwanza. "Tumelia vya kutosha, jua limetoka tena." Do, fa, sol. Ee, watu wangu! Wanawake walianza kuimba kwa chini, waimbaji wa kanisa wakaingia na sauti zao nne, hangari ikajaa. Papa Néhémie alifumba macho. Monique akainua kichwa akamutazama mume wake kwa mara ya kwanza siku ile, na Théophile aliona, akasikia joto limemupanda kifuani, akajua ameshinda.

Angeishia hapo! Angeweka gitaa chini akaenda kukaa, leo ningekuwa ninasimulia jambo lingine. Lakini yeye alikuwa na kitabu kizima. Akafungua ukurasa wa pili.

Wimbo ule kila muntu pale aliujua, waliuimba kanisani tangu utoto. Kwa hiyo hawakungoja, waliingia wote pamoja kwa nguvu. Akordi ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu, kwaya ikaenda kanisani na gitaa likaenda kule mbali, muto Lualaba. Wakasimama, wakatazamana. Théophile akafikiri wamesahau. Akapiga kwa nguvu zaidi kuwasaidia, na akaanguka vile alivyojifundisha kuanguka, kwa sauti yake yote, uso umeinuliwa, macho yamefumbwa. Papa Cyrille alijaribu kumufuata kule shimoni kwa heshima, akakohoa. Na katika ule ukimya mufupi kabla ya mustari unaofuata, mbuzi akajibu. Akajibu kwa sauti ile ile hasa, ile ya shimoni.

Mama mumoja akaingiza kitenge mudomoni. Mwingine akainama kama anatafuta kitu chini. Halafu wakasikia mulio ambao hawakuujua, mulio kama wa pampu ya zamani inayotaka kuwaka, na ulikuwa unatoka kwa Papa Néhémie. Alikuwa anacheka. Muzee yule, ambaye tangu maziko meno yake hakuna aliyeyaona, alikuwa amejishika mbavu na anacheka mpaka kiti kinalia. Hapo wote wakapasuka. Walicheka wakaegemeana, walicheka mpaka chai ikamwagika.

"Emilie!" Papa Néhémie alikuwa anaita. "Wee Emilie! Ungekuwa hapa! Ungesikia hii!" Na alipoliita jina lile mara ya tatu, kicheko kikageuka mudomoni mwake, akawa analia. Alilia kama mutoto, bila kujificha. Hakuwa amelia hata kaburini.

Théophile alikaa katikati ya yote na gitaa kwenye magoti. Alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa anatafuta kwa macho njia ya kutokea.

Papa Cyrille njo alisimama, akijipangusa uso. "Tunyamaze! Ndugu zangu, tumekosa. Kwa ukoo wetu mukwe hachekwi. Mukwe ni muntu wa heshima. Nyumba ikimucheka mukwe, nyumba inalipa, na mukwe njo anataja anachotaka. Baba yetu mwenyewe alilipa kuku, sababu alicheka mukwe aliyeanguka kutoka mutumbwini. Na leo hakucheka muntu mumoja. Imecheka nyumba nzima."

"Ni kweli," Papa Néhémie akasema, bado machozi yanashuka. "Mukwe, nimekukosea. Na tena umenisaidia, wewe hujui. Taja."

Unaweza kufikiri? Muntu ameanguka kwenye shimo, anafungua macho anajikuta juu ya kiti cha mufalme. Théophile akasimama. "Papa," akasema, "kuku sitaki. Namutaka muke wangu."

Vigelegele! Wanawake walirusha mikono, Papa Cyrille akapiga makofi, muntu akaanza kupiga ngoma kwenye beseni. Jambo lilikuwa limekwisha, na lilikuwa limekwisha vizuri, na watu walikuwa wameanza kuuliza samaki wako wapi. Ni wachache waliomuona Monique akisimama kutoka kwenye mukeka.

"Mi si kuku," akasema.

Hakusema kwa nguvu, lakini beseni lilinyamaza.

"Monique," baba yake akasema.

"Papa, uniache niulize kitu kimoja." Akamugeukia mume wake. "Théophile, kitabu hii umekitafuta wapi?"

Akafurahi kuulizwa, maskini. Akafikiri anataka kujua taabu aliyoipata kwa ajili yake. "Nimekitafuta kila mahali, Monique! Kwa Frère, kwa Ignace, sokoni. Nimengoja treni ya Kabalo mpaka wakanizoea. Nimeleta kingine kutoka Manono. Na hii imetoka Kigoma, imevuka ziwa."

"Manono," Monique akasema. "Na Kigoma."

"Ee."

"Na mi, ulinitafuta wapi?"

Théophile akakitazama kitabu.

"Kutoka kwako mpaka hapa ni mwendo gani?" Monique akauliza.

"Si mwendo," akajibu kwa chini.

"Ulifikiri nimekukasirikia sababu ya muziki ya baa. Papa njo alikasirika. Mi, hapana. Mama angecheza, unamujua Mama. Nilikaa hapa nikingoja uje, basi. Uje na mikono mitupu, usiseme kitu, ukae. Mama Célestine aliniambia uko kwenye daraja kila jioni. Kila jioni nikasema, leo atavuka. Nikaosha sahani ya pili. Nikairudisha." Akalitazama gitaa. "Théophile, mama yangu amekufa. Weye ulikuwa unatafuta akordi."

Papa Néhémie alikuwa anatazama mikono yake. Théophile alitaka kusema juu ya aibu, juu ya neno la Papa, kwamba kila hatua aliyopiga kwenda stesheni na sokoni alikuwa anamuendea yeye. Yote yalikuwa kweli, na yote, alipoyaangalia pale mbele ya watu, hayakuwa na thamani ya dakika moja ya kukaa. "Nisamehe," akasema.

Monique alirudi kwenye mukeka, akakaa, akakunja miguu. Akasogea kidogo upande mumoja, pakabaki nafasi.

"Wanasema leo kilio kimekwisha," akasema. "Mi bado sijamaliza."

Théophile akavua viatu. Akapita katikati ya wanawake, mukwe mbele ya wakwe zake, akakaa chini pale alipoonyeshwa. Alipoanza kulia, hakujua atafanya nini na mikono yake, mpaka Monique akaishika.